Korongo Nane wa Marehemu

Mume wangu hakuwahi kujua tuna kuku wangapi. Ukimwuliza alisema, "Wa kutosha." Lakini korongo aliwahesabu. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi alivaa shati safi, akachukua simu na daftari, akashuka kutoka makazi yetu ya wakimbizi hadi kwenye mafunjo ya ziwa Nakivale kuwatazama korongo wenye taji kichwani. Asubuhi aliwahesabu kwenye mafunjo. Alasiri alipanda kwenye mashamba ya mtama, akahesabu tena. Jioni alijumlisha, akaandika: nane.

Picha alizopiga nilionyeshwa mimi kwanza.

"Unamuona?"

"Wapi?"

"Hapo, juu."

"Nilizani ni uchafu wa kioo."

Hakukasirika. Alifuta kioo kwa shati, akanionyesha tena, na uchafu ukabaki palepale.

Daftari lilikuwa la kikundi cha Mbarara kinacholinda korongo na mabwawa yao. Watu wa mabwawa mengine walipeleka hesabu ya wawili, watatu. Yeye, nane kila mwezi. Katika mkutano mmoja walimpigia makofi, wakampa darubini. Alirudi nayo ameipakata kama mtoto mchanga, akaitundika ukutani ndani ya mfuko wake, akakataza mtu kuigusa kwa ajili ya vumbi. Hata yeye hakuitumia siku hata moja.

Alifariki mwaka jana, wakati wa kupanda maharage. Kwa miezi kadhaa sikutoka. Kisha mama mmoja wa Mbarara, anayekusanya madaftari, akapiga simu kuuliza nani atahesabu sasa. Nikasema mimi. Sikuwa na mapenzi na ndege. Nilitaka tu kwenda alikokuwa akienda.

Mimi sikuogopa vumbi. Jumamosi ya kwanza ya mwezi niliitoa darubini, na asubuhi nikaona kwenye mafunjo korongo wanne, mmoja ana uzi wa buluu wa wavu wa samaki mguuni. Alasiri nikapanda kwenye mtama. Wanne. Mmoja ana uzi wa buluu mguuni.

Nikakaa chini. Mume wangu alikuwa akihesabu ndege walewale mara mbili.

Shamba lile la mtama ni la jirani yetu, Mrundi, rafiki wa marehemu, mtu asiyeweza kukusalimu bila kukutania. Sikutaka kumhukumu mume wangu kwa siku moja. Mwezi uliofuata nilimwomba jirani akae kwenye mtama, mimi nikae ziwani, tupigiane simu.

"Shemeji, huko ziko ngapi?"

"Ine. Na kwako?"

"Kwangu hakuna. Mtama wangu leo umepewa ruhusa ya kupumua."

Tukangoja. Jua lilipokuwa utosini wakaruka, wakapita juu ya kichwa changu.

"Sasa huku hakuna kitu," nikamwambia.

"Najua. Zimeshafika, zinakula. Na hiyo yenye uzi inakula kuliko zote. Mgonjwa gani huyu?"

Alipokuja kwangu baadaye alikuwa bado anafuta macho kwa kucheka. "Shemeji, hizi ndege ni wakimbizi kamili. Zimejiandikisha fasi mbili. Ofisi ikizipitisha kwenye mashine ya vidole, zimekwisha."

Nikacheka pia, mara ya kwanza tangu matanga. Kabla ya mashine hiyo, kijijini kwetu kulikuwa na bibi kizee aliyehesabiwa katika nyumba tatu kwa ajili ya posho, na kila nyumba aliitwa mama mzazi.

Kisha nikamwambia nitakwenda Mbarara kusema ukweli. Akaacha kucheka.

"Marehemu hasahihishwi, shemeji. Watu walimupigia makofi. Mwachie nane zake."

"Nane haziko."

"Anayejua ni mimi na wewe."

"Na korongo."

Nilimjibu hivyo kwa sababu utani nao huambukiza. Lakini alikuwa amegusa penye kidonda. Mume wangu hakuwa na cheo wala shamba kubwa. Alikuwa na nane.

Nilikwenda Mbarara na daftari na darubini, vyote nimevifunga ndani ya kitenge. Yule mama wa madaftari, mwenyeji wa huko, Munyankole mcheshi, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa mama, ile nne ingine tutafukuza wapi?"

Nikamwambia hakuna wa kufukuzwa, ni walewale. Akacheka, akasema darubini nibaki nayo, kwani sasa angalau inafanya kazi. Kisha akachukua kalamu nyekundu, akalivuta daftari.

"Nisaidie, mama," nikasema. "Acha nifute mimi."

Akanipa kalamu. Juu ya kila nane nilipitisha mstari mwembamba, ya chini isomeke, na kando nikaandika nne. Kurasa zilikuwa nyingi. Mwandiko wake ulikuwa umeegemea upande mmoja, kama mtu anayesikiliza mlangoni. Nikafika ukurasa wake wa mwisho, wa mwezi alioanza kuugua. Pale aliandika saba.

Mama yule akainama kutazama. "Hapa mzee ilikuwa namna gani?"

Sikujua. Labda korongo mmoja alichelewa. Labda alikuwa ameanza kushuku. Labda alichoka kabla ya kufika kwenye mtama.

"Weka nne tu, tumalize," akasema.

"Siku hiyo sikuwepo," nikasema.

Alinitazama, akachukua kalamu yake, akaifunika. Saba ile haina mstari mpaka leo.