Mkwe Aliyemsemea Mbuke

Masalu alianza kwa kubeba viroba vya mawe ya watu machimboni Geita, akaishia kuwa dalali wa dhahabu mwenye nyumba yake Ngokolo, Shinyanga mjini. Hakubebwa na mtu. Sokoni alijifunza kwamba ukisita kutaja bei, umeshaliwa.

Mama mkwe wake, Mbuke, Masalu alimjengea chumba uani. Kwa Wasukuma mkwe hali na mama mkwe wala hamtazami akila. Chakula Mbuke alipelekewa na bintiye Rhoda, mke wa Masalu. Hivyo Mbuke alipoanza kusumbuka kumeza, na maneno yakawa yanamtoka kwa kuburuta, Masalu alipata habari tu. Rhoda alikuwa na mshono mbichi wa uzazi. Masalu akampeleka mgonjwa hospitali mwenyewe.

Daktari, dada mmoja aitwaye Noela, akauliza, “Mama, unapaliwa na maji, au chakula ndicho kinakwama?”

Mbuke akajifunika mdomo kwa kanga, akageukia ukutani. Habari za kula kwake azimwage mbele ya mkwe?

“Chakula,” akajibu Masalu.

“Umeona mwenyewe?”

“Ninaishi naye, daktari. Wewe andika shida ya kumeza, tuondoke.”

“Shida ya kumeza ina namba nyingi za ugonjwa, baba. Ya mdomoni mbali, ya kooni mbali, ya chini kwenye umio mbali. Tiba inafuata namba. Mpigie basi mama watoto.”

“Mzazi hasumbuliwi. Ni huku chini, kifuani. Ugali unakwama.”

Aliyasema kwa uso uleule anaotajia bei. Noela akaandika namba ya umio, akaagiza kipimo cha kamera Mwanza. Kwa sasa mgonjwa anywe uji mwepesi na maji ya kutosha.

Rhoda alipoelezwa alishangaa. “Mbona ugali anameza, akitafuna taratibu? Maji ndiyo yanampalia.”

“Umekuwa daktari lini? Imeandikwa.”

Rhoda akampa mama yake uji. Wiki haikuisha, kifua cha Mbuke kikawa kinakoroma, homa juu. Safari hii Rhoda alikwenda naye, mkono tumboni. Noela akamtoa Masalu nje, na mle ndani Mbuke akaeleza mwenyewe, kwa taabu, kwa Kisukuma: maji yanapotea njia. Kumbe alipigwa na kiharusi kidogo, koo likalegea. Namba ikabadilishwa, akawekewa mpira wa kulishia puani. Lakini mapafu yalikuwa yameshaharibika kwa uji na maji yaliyoingia humo.

Walimzika kwao Samuye. Waombolezaji walimsifu Masalu: mkwe gani siku hizi anampeleka mama mkwe hospitali mwenyewe? Akapokea sifa, akaangalia chini.

Watu walipotawanyika, Rhoda akamwambia bila kupandisha sauti, “Ungetoka tu nje, Baba Rebeka. Mama angesema.”

“Nilijua.”

“Ulijua lini?”

“Palepale. Nikaona nikitoka, yule binti daktari ataniona sijui mambo ya nyumbani kwangu.”

Rhoda akamchukua mtoto, akaenda kulala na wanawake.