Mashavu ya Mitchelle

Kavinya wa Kaloleni alikuwa amelea watoto wa watu miaka kumi na sita, wakati mama zao wakiwa kazini, na nani angemfundisha habari ya tetekuwanga? Ndete, kitinda mimba wake, alipotoka vipele, hakumtenga ng'o. Aliwalaza watoto wote wanne, Ndete na watatu aliokuwa akiwalea, godoro moja, waambukizane, waugue pamoja, wamalizane nayo. Ndivyo mamake alivyomfanyia yeye. Wala si ujinga mtupu, maana mwili ukishapigana na ugonjwa huo, kwa kawaida haurudi tena.

Mitchelle, wa miaka mitatu, ndiye hakumtia wasiwasi hata chembe. Mashavu yalikuwa yamemjaa mpaka macho yanabanwa.

"Huyu amenona, hatasumbuka," Kavinya alisema, akimsogeza karibu na Ndete.

Jioni ya pili Nabiswa, mama yake Mitchelle, alikuja kumchukua akitoka kiwandani. Jana yake alimpokelea mlangoni; sasa alipomwona Ndete, mfuko wa mboga za sukuma wiki ulimponyoka.

"Mama Ndete, huyu amelala na wangu?"

"Tangu jana. Si afadhali amalize mapema?"

Nabiswa aliketi sakafuni pu. Ndipo akasema alichokificha miezi miwili: mtoto ana ugonjwa wa figo, na kila alfajiri humeza vidonge vya kutuliza kinga ya mwili, kwa sababu kinga hiyohiyo ndiyo inayoziumiza figo zake. Na yale mashavu? Si afya. Ni vidonge.

Walikwenda kliniki saa hiyohiyo, Kavinya akiwa amembeba mtoto.

"Wenzake wana askari wa kutosha," daktari alisema. "Wa huyu tumewalaza kwa dawa. Tetekuwanga inaweza kumshukia mapafuni. Vidonge msivikatize ghafla, ni hatari pia. Mchunguzeni wiki tatu. Kipele kimoja tu, mleteni mbio."

Nabiswa angekosa kazi siku mbili angefutwa, kwa hiyo Kavinya ndiye aliyebaki na mtoto. Akawa anamkagua asubuhi, mchana na jioni: makwapa, tumbo, kichwani kati ya nywele. Alijichukia, na alimchukia Nabiswa zaidi. Siku ya kumi na mbili wale wengine wawili walitoka vipele, wakajikuna, wakaendelea kuchezea maji uani.

Siku ya kumi na tatu alikiona kipele nyuma ya sikio la Mitchelle, kidogo kama punje ya mtama. Alimwachia jirani yake Asenath watoto waliobaki, akakimbia na Mitchelle mgongoni.

Hospitalini wakamlaza, wakamtundikia dawa. Siku mbili alihema kwa shida na hakuna daktari aliyethubutu kuwaahidi wanawake hao wawili lolote. Siku ya tano ya kulazwa homa ilishuka. Siku ya sita akalilia chapati.

Hapo ndipo hasira ya Kavinya ilipopata nafasi.

"Mbona hukuniambia, Mama Mitchelle? Mtoto angenifia mikononi."

Nabiswa alikuwa akikunja nguo za mtoto. Hakuinua macho.

"Walezi watatu niliwaambia, wote walimkataa. Wewe ningekuambia, ungemchukua?"

Kavinya alitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Alimtazama Mitchelle akitafuna, mashavu yamejaa, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Nisingemchukua," alisema.

Kisha alivuta mfuko wa vidonge vya mtoto akauweka mapajani pake.

"Niandikie saa za dawa zake," alisema. "Jumatatu ukimleta, nitampa mimi."