Hija ya Koridoni

Dada yangu alipiga pasi hotelini miaka thelathini na moja, amesimama. Si pasi zenu hizi za nyumbani. Ni mashuka, vitambaa vya meza, makoti ya wapishi. Mlima mmoja ukiisha, unaletwa mwingine. Mtaani wote wanamwita Dada Pasi, na ukipita mbele yake na shati lenye mikunjo atakuuliza kama ulilala nalo. Goti la kulia ndilo lililomkatisha kazi. Daktari alimwambia, mama, hapa sasa mfupa unasaga mfupa. Akastaafu.

Mimi ni mdogo wake, fundi simu. Amenizidi miaka kumi na mitatu, na mama yetu alifariki mimi sijui hata kufunga vifungo, kwa hiyo huyu ni dada kwa jina. Kwa kazi ni mama. Nilipokuwa na miaka sita homa ilinikamata nikawa wa kufa leo, kufa kesho. Dada akaweka nadhiri: nikipona, atakwenda kwa miguu mpaka kikanisa cha mlimani, siku kumi na mbili, njia nzima, bila kupanda chombo chochote. Nikapona. Ikaja kazi, ikaja shule yangu, ikaja ufundi wangu, na kila mwaka nadhiri ikasogezwa mbele. Goti lilipomwishia akaanza kulia peke yake jikoni. "Nilimwomba Mungu mtoto akanipa," alikuwa akisema. "Mimi nikampa maneno."

Ndipo mimi, mdomo mbele kama kawaida, nikasema, "Nitakwenda mimi, dada. Wewe utatembea ukiwa hapa hapa, kwa simu."

"Kwa simu? Kumbe siku hizi hata miguu inapita kwenye mtandao?"

Nikamweleza kwa ule ujuaji wetu mafundi. Nina laini mbili za kampuni mbili, moja ikilala nyingine iko macho. Nina betri mbili za akiba na kipaneli cha sola cha kufunga mgongoni. Kila saa tatu asubuhi na saa nane mchana nitampigia. Atavaa spika za masikioni, simu mfukoni mwa aproni, tuanze pamoja: mimi njiani, yeye kwenye korido ya ghorofa yao, kutoka mlangoni kwake mpaka ngazini, hatua ishirini na mbili. Daktari aliruhusu nusu saa kila mara, isizidi. Nikisema "Tumefika, keti," atakaa. Nisiposema, hakai. Hilo alilitaka mwenyewe. Alisema nadhiri haina mapumziko ya kujiamulia.

"Na mtandao ukikatika?"

"Ni mnara tu, dada. Kilima kimeziba. Usishtuke wala usisimame. Wewe tembea, nikitokea upande wa pili utanisikia."

Nilisema hivyo, kwa kinywa hiki hiki.

Siku sita za kwanza mambo yalikwenda vizuri. Kwenye nyumba za kulala ukiwakuta mahujaji ishirini wamezunguka kitu kwa unyenyekevu, usidhani ni sanamu, ni soketi. Mimi nilikuwa na sola yangu, nikawa najiona mjanja. Dada alitundika vibanio vya nguo kwenye kamba mbili, na kila akigusa ngazi na kurudi alihamisha kimoja. "Niambie unachokiona," alikuwa akisema, nami nikimwambia ng'ombe, daraja, mzee anapaka ukuta rangi, naye akiitikia, "Namwona." Mtandao ulikatika mara kadhaa, dakika mbili, tatu. Nikirudi hewani nilimkuta anahema: "Nipo. Natembea."

Lakini niseme ukweli, nilimchoka. Si maneno mazuri, najua. Soksi umebadilisha? Umekula nini? Mbona unahema hivyo? Mwanamume wa miaka thelathini na minane, na mvi zangu, naulizwa soksi mbele ya mahujaji wenzangu! Nikaanza kumjibu kwa mkato. Naye akipunguza maswali, kisha akisahau, akirudia.

Siku ya saba mvua ilinyesha toka alfajiri, na visigino vyote viwili vilikuwa na malengelenge. Saa nane nikampigia, tukaanza. Dakika tano hazijaisha, pikapu ya mboga ikasimama kando yangu. Dereva akatoa kichwa. "Panda, bwana. Hata mtakatifu mwenyewe, kwa miguu hiyo, angepanda."

Masikioni mwangu dada alikuwa anauliza kama mvua inaniingia shingoni. Nikawaza, akisikia mlango wa gari ukifungwa nimekwisha. Nikazima simu. Sikusema tumefika. Sikusema keti. Nikajiambia atadhani ni mnara, na kweli, ndivyo alivyodhani.

Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilifupishwa kilomita ishirini na tatu, na kiti kilikuwa laini. Nikafika nyumba ya wageni, nikaoga maji ya moto, nikajilaza kidogo tu. Niliamka saa kumi na mbili kasorobo.

Nilipowasha simu mtandao ulikuwa umejaa. Jumbe za sauti zikaanza kuingia, nami nimekaa kitandani na taulo shingoni.

Saa nane na nusu: "Umepotea. Najua ni mnara. Naendelea."

Saa tisa: "Vibanio vimeisha, naanza kuvirudisha. Wewe usikimbie kwenye utelezi huo."

Saa tisa na nusu, anahema kama aliyebeba gunia: "Kilima hiki ni kirefu kweli, ee? Usiogope mdogo wangu. Nipo nawe."

Ujumbe uliofuata ulitoka kwa jirani yake mshonaji, na huyo hazunguki maneno: "Wewe! Dada yako ameanguka hapa ngazini, goti limegeuka. Tunampeleka hospitali. Uko wapi jamani?"

Nilipiga. Wallahi nilipiga ili niseme. Jirani akamwekea simu sikioni pale wodini, na neno lake la kwanza likawa, "Umefika salama? Mvua haikukuumiza?"

"Mtandao ulikatika," nikasema.

"Si nilisema!" akamwambia jirani. "Nilikwambia huyu hawezi kuniacha makusudi."

Daktari aliniambia kwa simu bila kuficha: ndani atatembea kwa kushikilia, nje ni kiti cha magurudumu. Nilitaka kurudi nyumbani siku ile ile. Dada akakataa katakata; nikirudi, alisema, hata kile alichokitembea kitakuwa bure. Niliwaza kurudi nyuma nikazitembee zile kilomita. Lakini siku ikiongezeka ningemwambia nini? Basi nikaendelea. Malori mawili yalisimama kunipakia nikayakataa, nikajiona nimetubu. Roho ilinisuta vile vile, nami nilistahili.

Siku ya kumi na mbili nikafika. Kwenye lango la kikanisa kulikuwa na foleni, na nilipokaribia mlango nikampigia kwa video kama tulivyopatana. Alikuwa kitandani, nywele amechana, shuka la hospitali amelinyoosha mpaka pembeni.

"Usiingie kwanza," akasema. "Nina neno."

"Sema, dada."

"Siku ile nilikaa." Akalinyoosha shuka tena. "Goti lilikuwa linawaka moto. Nikakaa kwenye ngazi, kama dakika kumi, na wewe hukuwa umesema keti. Nilipoinuka ndipo nikaanguka. Nikakuacha udhani nilitembea muda wote. Wewe uko kwenye mvua na kilima, mimi nimekaa! Usiingie humo na uongo wangu, mdogo wangu. Nisamehe kwanza."

Picha haikuganda. Sauti haikukwaruza hata kidogo. Nilifungua mdomo, na maneno yalikuwepo, matatu tu: dada, nilipanda gari. Nyuma yangu mtu akasema, "Sogea basi, ndugu." Nikajiambia kwamba nikisema, nadhiri yake ya miaka thelathini na miwili itavunjikia hapa mlangoni, na goti litakuwa limekwenda bure. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Ukweli ni kwamba niliogopa uso wake.

"Nimekusamehe, dada," nikasema.

Akalia kwa furaha, akafuta macho kwa pembe ya lile shuka, akaniambia niingie.

Huu ni mwaka wa pili. Wageni wakija kumjulia hali, humkuta kwenye kiti chake mlangoni, na lazima awasimulie habari ya nadhiri. "Mdogo wangu ana moyo," huwaambia. "Sikumaliza hata kueleza, akanisamehe." Nao hugeuka wakanipa mkono.