Mwisho Uliokolezwa

Jenipher Kwangu alizaliwa Nyegina, nyuma ya misheni. Baba yake alikuwa seremala wa mapadri, na siku alizoitwa kutengeneza rafu za maktaba alikuwa anamchukua binti yake ili asizurure. Binti alikaa sakafuni kwenye vumbi la mbao, akasoma chochote alichokishika. Alipomaliza chuo cha ualimu akapangiwa shule Bunda, akapanga chumba Kabasa, na jioni, akishasahihisha madaftari, akawa anaandika hadithi.

Hadithi yake ya kwanza ilitoka kwa mfululizo kwenye gazeti la Mwanza. Gazeti likafa kabla hadithi haijaisha. Mama mmoja muuza nyanya akamfuata mpaka ofisi ya walimu kumuuliza yule dada wa kwenye gazeti hatimaye aliolewa na nani. Jenipher alimsimulia pale pale, wamesimama mlangoni, na alirudi darasani akijua kwamba kazi hii hataiacha.

Miaka ikapita kabla hajaandika kitabu, na alipoandika, aliandika habari za shangazi yake.

Nyangi, dada wa baba yake, alikuwa ameolewa Butiama. Mume alikufa akamwacha na mabinti wawili, nao wakaolewa mbali. Hakuwa na mtoto wa kiume wa kushika mji. Akafanya ambalo wanawake wa Mara wamekuwa wakilifanya tangu zamani: akatoa ng'ombe wa mahari, akaoa mwanamke mwenzake amzalie watoto. Msichana aliyemuoa aliitwa Debora, wa Bunda, na watoto aliowazaa Debora wakawa watoto wa mji wa Nyangi. Kanisani hawakulipenda jambo hilo. Nyangi alinyimwa sakramenti, lakini kila Jumapili alienda akakaa benchi la mwisho, Debora kando yake na watoto katikati.

Jenipher alikipa kitabu jina *Nyumba ya Wanawake Wawili*. Majina ya watu aliyabadilisha. Mwishoni mwa kitabu mtoto wa kwanza anashikwa na homa kali wakati wa mvua, barabara imekatika, na wale wanawake wawili wanambeba kwa kupokezana mpaka hospitali. Mtoto anapona. Ndivyo ilivyokuwa kweli kwa Amos, kifungua mimba wa Debora.

Kitabu kilipochapishwa, Jenipher alikipeleka Butiama. Shangazi yake hakujua kusoma, kwa hiyo akamsomea uani, mzee akimenya mihogo.

“Umenifanya mkali sana,” Nyangi akasema.

“Lakini shangazi, wewe ni mkali.”

“Ni kweli. Ila Debora hanionagi hivyo.” Akamenya kidogo, akacheka peke yake. “Haya, iache. Hapo kwenye kumbeba mtoto umepatia. Mgongo wangu mpaka leo unaujua ule mlima.”

Kitabu hakikuenda mbali. Walimu wenzake walikinunua, duka moja la vitabu Musoma likakiweka dirishani mpaka jalada likapauka. Kufikia wakati huo Jenipher alikuwa amehamishiwa Musoma, akajenga vyumba vyake viwili Mwisenge. Hakuolewa. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili aliyeandika kitabu, basi.

Kisha akaja Gody. Alikuwa mtoto wa Musoma aliyekuwa akitengeneza filamu Dar es Salaam, kijana wa maneno laini, na alikuwa amekisoma kitabu chote.

“Dada Jeni, hii ni sinema tayari,” akamwambia. “Wewe niandikie skripti tu.”

Aliiandika likizo nzima. Hakuwahi kuandika kitu kwa furaha vile. Alijifunza kuondoa maelezo na kuwaacha watu waongee, na alipokuwa akiandika maneno ya shangazi yake alikuwa anayatamka kwa sauti chumbani. Gody alipotafuta mahali pa kupigia picha, Jenipher mwenyewe ndiye aliyempeleka Butiama. Nyangi akawaachia nyumba, ua, hata kigoda chake akampa mama wa Dar aliyeigiza nafasi yake. Mlango wa bluu wa Nyangi ukaingia kwenye sinema, na jabali kubwa lililoko nyuma ya jiko likaingia, na majirani wakaja kutazama, wengine wakapewa nafasi ya kupita wakiwa wamebeba ndoo.

Baada ya wageni kuondoka, Gody alipiga simu.

“Dada, kila kitu kiko vizuri. Mwisho tu ndio umepoa. Niruhusu niukoleze kidogo.”

“Wewe ndiye unayejua sinema,” Jenipher akamjibu. Alikuwa sokoni, amebeba samaki, na simu ilikuwa inakatikakatika. Hakuuliza zaidi.

Aliiona mara ya kwanza kwenye kibanda cha video Kabasa, alikokwenda kuwasalimia majirani wake wa zamani. Walimwekea kiti cha mbele. Jina lake likatokea kwa herufi kubwa, watu wakapiga makofi. Kwa saa nzima ilikuwa hadithi yake, na alisikia watu wakicheka pale alipotaka wacheke. Halafu mtoto akashikwa na homa. Mwanamke mzee akambeba, lakini hakumpeleka hospitali. Alimzungusha nyuma ya jabali, akamlaza juu ya ngozi, akachomoa kisu. Kumbe mji wake wote ulikuwa umestawi kwa damu ya watoto. Kibanda kizima kikapiga kelele. Jenipher alibaki amekaa mpaka watu wote wakatoka.

“Watu walikuwa wanasinzia, dada,” Gody akamwambia kwenye simu. “Hii ni biashara. Halafu ni filamu tu, kila mtu anajua.”

“Lile jabali ni la shangazi yangu, Gody. Mlango ni wake.”

“Nani ataangalia mlango?”

Butiama waliuangalia. Filamu ilifika kwenye simu za vijana kabla Jenipher hajapata nafasi ya kwenda. Mwanzoni ilikuwa mzaha, watoto wakipita njiani wakiita jina la yule mchawi wa sinema. Kisha mtoto wa jirani, Benjamini, akaugua homa, akafa siku ya tatu. Ilikuwa malaria na daktari alisema hivyo. Lakini mama yake alikuwa mmoja wa wale waliopita na ndoo mbele ya kamera, na msibani akasema mbele ya wote kwamba alikuwa ameonyeshwa hili na hakuelewa.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemsalimia Nyangi. Akienda kisimani, wenye ndoo wanaondoka. Kanisani benchi la mwisho likabaki lake na watu wake peke yao.

Jenipher alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, mzee Masatu, aliyemjua Nyangi tangu akiwa bibi harusi.

“Hakuna aliyemgusa,” mzee akasema kwa huzuni. “Nitamshtaki mtu kwa kosa la kutosalimia?”

Alikubali tu kumpa nafasi kwenye mkutano wa kijiji. Jenipher akasimama na kitabu chake, akasoma sura ya mwisho yote: mvua, mlima, wanawake wawili wakipokezana mtoto. Walimsikiliza kwa adabu. Alipomaliza, mama mmoja akainua mkono.

“Mwalimu, tusaidie. Kitabu kinasema hivi, sinema inasema vile. Cha kitabu tumesikia, cha sinema tumekiona kwa macho. Na vyote viwili vina jina lako. Tushike kipi?”

Jenipher alisema kwamba kitabu ndicho cha kweli. Alisikia sauti yake mwenyewe ilivyokuwa nyembamba. Watu wakahamia kwenye habari ya mchango wa choo cha shule.

Wiki iliyofuata kaka zake Debora walikuja kutoka Bunda na pikipiki mbili. Jenipher alimkuta Debora akifunga nguo za watoto kwenye shuka.

“Wewe unajua si kweli,” Jenipher akamwambia. “Wewe kuliko mtu yeyote.”

“Najua. Mama nampenda. Lakini Amos anapigwa mawe akitoka shule.” Debora akakaza fundo. “Kitabu ulimsomea yeye. Mimi nilikuwa jikoni nawapikia ugali. Hukuniuliza kama nataka maisha yangu yasomwe na watu. Hata huyo Gody, hakuna aliyeniuliza.”

Nyangi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, amegeukia ukuta, na watoto walipokuja kumuaga aliwashika vichwa mmoja mmoja bila kugeuka.

Jenipher akamhamishia Mwisenge. Mzee alikula kidogo, akalala mchana. Mara moja tu aliizungumzia filamu.

“Yule mama aliyeniigiza alikuwa na uso mzuri. Nilimpikia. Kwa nini alikubali kufanya vile?”

“Ndiyo kazi yake, shangazi. Anaambiwa fanya hivi, anafanya.”

“Na wewe?”

Jenipher akaeleza kuhusu simu, sokoni, samaki mkononi. Nyangi alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, “Sawa mwanangu,” kama mtu anavyomjibu mgeni, na hakuuliza tena.

Alifariki kabla ya masika. Walimzika Butiama, karibu na mumewe. Mabinti zake walikuja, mzee Masatu alikuja, na vijana wa kuchimba kaburi ilibidi waitwe kutoka Musoma kwa sababu wa pale kila mmoja alikuwa na udhuru. Debora alifika na watoto. Alitupa udongo kwa mikono miwili, akakaa kando, na mazishi yalipoisha akapanda pikipiki bila kuingia ndani. Sasa nyumba imefungwa. Watoto wanaipita kwa kukimbia.

Jenipher bado anafundisha. Gody amempigia mara mbili kumwomba aandike sehemu ya pili, maana watu wanaiulizia. Mara ya kwanza Jenipher alimwomba aiondoe ile ya kwanza, naye akasema kwa upole kwamba hawezi, iko kwenye simu za watu, si yake tena. Mara ya pili hakupokea. Mwaka jana alijaribu riwaya nyingine, ya watu wa Dar es Salaam asiowajua, katika mji alioutembelea mara moja. Alifika ukurasa wa nne. Kila alipompa mtu mlango, alijiuliza ni mlango wa nani, akaufuta, mpaka watu wake wote wakawa wamesimama nje hawana pa kuingia. Hapo akafunga kompyuta, akaenda kusahihisha mitihani ya kidato cha pili.