Pedali yangu ilichokesha kanisa

Bamama, museke tu, hata minye nilisha kujiseka. Padri alikubali gitare ya bwana yangu iingie misa ya parokia yetu ya Panda siku ya mungu, dimanche moja ya kujaribu. Ikivuruga misa, hairudie tena. Minye nasoma kutengeneza radio ku masomo ya mangaribi, basi nikamutengenezea pedali ya kutetemesha sauti. Plan ya kuitengeneza ilitaka kondansateri, kale kakintu kanachunga courant ya umeme, ya mikrofaradi moja. Sikuipata. Nikatosha ya mikrofaradi kumi mu radio ya kufa, nikasema kubwa ndiyo mzuri. Kuijaribu, hapana: courant ilikatika.

Kumbe kubwa inachelewesha kule kutetemeka. Kisha komunyo, pahali pa kutetemeka, sauti ya gitare ilizimika polepole, yote. Kwetu muziki ikinyamaza, bantu banasimama kwa sala. Bakasimama, na padri pamoja. Gitare ikarudia, bakaikala. Ikazimika, bakasimama tena. Mara ine! Minye nafinya rozari.

Padri akauliza: “Nani alitengeneza ile kintu?”

Bwana yangu, bila haya: “Ni Mama Ngalula, padri.”

Kanisa yote ikanigeukia.

“Mama,” padri akasema, anazuia kicheko, “magoti yangu imechoka. Dimanche ingine muilete tena, lakini itetemeke mbio kidogo.”