Jiwe Ndani ya Kisanduku

Baba mdogo hutengeneza kompyuta za zamani za nyumbani, zile ambazo kibodi na mashine ni kitu kimoja na umeme hupitia kisanduku kizito kama tofali. Visanduku hivyo vikizeeka huweza kupitisha umeme mkali na kuunguza mashine. Yeye hutoa transfoma ya zamani, huweka kifaa kipya, hupima kwa mita, kisha hufunga.

Shida ni uzito. Kifaa kipya ni chepesi, na wateja hupima kisanduku kwa mkono.

"Fundi, mbona kitupu? Umeniibia vyuma!"

Alieleza mpaka akachoka. Mwishowe akaanza kugandisha jiwe ndani kwa gundi. Malalamiko yakakoma.

Asubuhi moja, duka likiwa limejaa, aliingia mwalimu mstaafu aliyemfundisha hesabu utotoni. Ndiye aliyekuwa akimsifu kila mahali na kumletea wateja.

"Mwanangu, kompyuta inafanya kazi vizuri sana. Lakini hiki kinalia kama kayamba." Akakitikisa kisanduku.

"Ni skrubu tu, Mwalimu. Niachie."

"Nina haraka gani? Fungua."

Baba mdogo akafungua polepole. Gundi ilikuwa imeachia. Jiwe likadondoka mezani.

"Lo! Hilo linatoa volti ngapi?" akauliza fundi redio wa duka la pili. Watu wakaangua kicheko.

"La nini hili?" Mwalimu hakucheka.

"La uzito, Mwalimu. Watu hawaamini kitu chepesi."

"Na mimi ni hao watu?"

Baba mdogo aliinamisha kichwa.

"Kazi yako ni safi," Mwalimu alisema. "Ndiyo maana inaniuma."

Tangu hapo baba mdogo huzunguka kwa wateja wake kutoa mawe, akijieleza mwenyewe mlangoni. Muuza vitabu alimkatalia: "Liache bwana, nimeshalizoea!" Ilibidi amsihi. Akirudi na mfuko umemlemea bega, hupita uchochoroni ili fundi redio asimwone. Lakini humwona. "Fundi Mawe! Habari za machimbo?"

Juzi Mwalimu alileta kompyuta ya rafiki yake. Baba mdogo alikiacha kisanduku wazi mpaka Mwalimu aliporudi kuichukua, akamwonyesha kila kitu kilichomo, ndipo akakaza skrubu mbele yake. Mwalimu alikipokea bila kukipima mkononi.

"Ahsante, mwanangu."

Baba mdogo aliitikia huku akifuta meza ambayo tayari ilikuwa safi.