Wimbo Waliojifunza Watoto wa Huruma

Nilipokuwa mwaka wa pili chuoni, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nilijikuta naongoza vikundi viwili kwa mpigo. Kwaya nilipewa kwa sababu nilikulia kanisani kwetu Makadara na nilijua kusoma noti za sol-fa. Kikundi cha kujitolea nilipewa kwa sababu siku ya uchaguzi sikuhudhuria. Waliohudhuria walikubaliana upesi kwamba mtu asiyekuwepo hana pingamizi.

Kila Jumamosi asubuhi tulikwenda mtaa wa Huruma, ambako akina mama walikuwa wameanzisha nasari ya watoto wadogo ndani ya kibanda cha mabati. Mvua ikinyesha, maji yalipita katikati ya darasa na watoto walipandisha miguu juu ya mabenchi. Kazi yetu ilikuwa kuchimba mtaro wa kuyapitisha kando, kisha kumwaga sakafu ya saruji. Mchana nilirudi chuoni, nikaoga haraka na kwenda mazoezi ya kwaya. Watu wa vikundi hivyo hawakupatana. Wanakwaya waliwaona wachimbaji washamba, nao wachimbaji waliwaona wanakwaya ni watu wa kuogopa kuchafua viatu.

Nguzo ya wachimbaji ilikuwa jamaa mmoja wa mwaka wa tatu, mtu wa magharibi mwa nchi, mrefu na mwenye mabega mapana. Akipita mabwenini asubuhi kugonga milango, hakuna aliyebaki kitandani. Sikuwahi kumsikia akiomba chochote mpaka siku moja tulipokuwa tukiosha sepetu kwenye bomba.

"Dada mwenyekiti," aliniambia, "nataka kuingia kwaya."

"Unaimba sauti gani?"

"Yoyote mtakayonipa."

Nikamwalika mazoezini Jumatano. Sauti alikuwa nayo, kubwa na yenye furaha, ila haikujali wengine wako wapi. Tukipanda, yeye alishuka. Tukishuka, alibaki palepale kama anatungojea turudi. Kiongozi wetu wa teno, kijana nadhifu ambaye suruali yake ilipigwa pasi hata siku za kufua, aliweka karatasi yake chini.

"Huyu akibaki, mimi naondoka," alisema, na jamaa mwenyewe anasikia.

Jamaa hakukasirika. "Basi nitakuwa nasikiliza tu," alijibu, akaenda kukaa benchi la nyuma. Tangu hapo alikuja kila Jumatano, akasikiliza, akapiga mguu wake sakafuni nje kabisa ya mapigo, na kuondoka ameridhika.

Wimbo tuliokuwa tukiushughulikia niliutunga mwenyewe kwa ajili ya siku ya kufungua darasa. Ulihusu maji yaliyoonyeshwa njia na watoto waliopata pa kukanyaga. Nilijivunia hasa mahali pa katikati, ambapo teno alipanda peke yake na sisi wengine tukamfuata taratibu.

Siku ilipofika, wazazi walijaa darasani na uani hadi nje ya ua. Wanakwaya walikuwa wamevaa mashati meupe. Mama aliyekuwa mwalimu wa nasari aliwapanga watoto mbele yetu, nyuso zimepakwa mafuta zikang'aa. Teno akasogea hatua moja, akakohoa kidogo, akaanzisha.

Watoto wakatazamana. Maneno wanayajua! Wakaitikia wote kwa nguvu, neno kwa neno, bila kukosea hata moja. Ila haikuwa tuni yangu. Ilishuka mahali ambapo yangu ilipanda, kisha ikakaa hapo hapo, haina haraka. Nilihitaji mistari miwili kukumbuka niliisikia wapi. Jumamosi zote zile, jamaa alipokuwa akichimba, watoto walikaa ukingoni mwa mtaro wakimtazama, naye alikuwa akiwaimbia.

Teno alishikilia tuni yake kwa ujasiri, lakini watoto walikuwa wengi kuliko sisi na hawakuwa na shaka yoyote. Alinitazama. Mimi nikamtafuta jamaa, nikamwona kando ya ukuta, ameziba mdomo kwa mkono. Wazazi walikuwa wameanza kupiga makofi kufuata watoto. Basi nikageuka, nikawapa wanakwaya mgongo na kuanza kuwaongoza watoto kwa mikono.

Besi ndio waliojiunga kwanza, kisha alto. Ubeti wa pili ulikuwa umeshapamba moto, na akina mama wengine wakacheza pale pale kwenye saruji mpya. Teno alijaribu kuingia mara mbili akapotea. Msichana mmoja wa mstari wa mbele akageuka, akamwambia kwa upole, "Si hivyo, mwalimu. Ni hivi." Akamwimbia kipande chote. Teno akainama, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaimba naye.

Baadaye tulikaa kibandani, chai na mandazi mezani. Teno akamgeukia jamaa.

"Ile sehemu ya katikati uliitoa wapi?"

"Kwenu," jamaa alisema. "Ndivyo ninavyowasikia."

Teno alicheka hadi chai ikamwagika kwenye ile suruali. Nami nilicheka, ingawa kwa ndani nilikuwa bado naulilia wimbo wangu. Halafu nikaanza kuipiga tuni ile kwa vidole mezani, nikaona kwamba pale katikati, kushuka kulikuwa kuzuri kuliko kupanda.

Jumatano iliyofuata jamaa alisimama safu ya pili, kando ya besi mmoja mwenye kiwiko chepesi, ambaye alimgusa kila alipotakiwa kunyamaza. Jumamosi yake, teno alitokea Huruma na viatu vya kuazima. Tulikuwa tukitengeneza kijia cha kutoka darasani hadi chooni. Alishika sepetu vibaya, akachanganya mchanga kupita kiasi, na kabla ya saa nne viganja vilikuwa vimetoa malengelenge. Jamaa alimfunga kitambaa mkononi, akamwonyesha pa kushika, na wote wawili wakaendelea kuchota.